Fremu ya Kurukia ya Bwana Ndege

Vijana wangu, juzi nilipelekwa Elgon View kwa gari, mimi na fimbo yangu, nikaangalie trampolini ya watoto wa rafiki ya mjukuu wangu. Imenunuliwa dukani, ina wavu pembeni na rangi nyingi. Mwenye nyumba, kijana mstaarabu sana, aliniletea kiti na chai akaniambia, "Mzee, hii ni mpya, hata mwezi haijamaliza." Nikamwomba nyundo ndogo. Akacheka, lakini akaleta. Nikagonga mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ukaniambia habari tofauti. Tulipoufunua, nati ilikuwa imelegea, unaizungusha na vidole.

Nawaandikia nyinyi mnaofanya kazi ya vyuma sasa hivi, na nyinyi wenye watoto na nyua za kurukia. Nilifanya kazi hiyo maisha yangu yote katika mji huu wa Eldoret, ambao wazee walikuwa wakiuita Sisibo. Nimetengeneza mageti, matrela, vitanda na matangi ya maji. Lakini mkiniuliza nilijifunza ufundi wapi, sitawaambia kwenye geti wala trela. Nilijifunza kwenye fremu moja ya kurukia kule Soy nje ya mji, wakati wazungu walikuwa bado na mashamba yao na hakuna aliyefikiri wataondoka.

Nilikuja Eldoret kutoka upande wa Kimilili nikiwa kijana wa ndevu chache. Nikaandikwa kazi katika gereji ya Kalasinga mmoja aliyeitwa Mohinder. Alikuwa mtu mrefu, kilemba chake kimepata rangi ya moshi, na mikono yake ilikuwa imeungua mpaka haisikii tena joto la chai. Mohinder alikuwa na tabia moja tuliyoicheka kwa siri. Chakula chake cha mchana alikilia juu ya kitu tulichotengeneza asubuhi ile. Kama ni ngazi, alipanda na chapati zake akakaa kwenye kidato cha juu. Kama ni geti la shamba, tulilitundika kwenye nguzo, naye akapanda juu yake akala huku akiyumbayumba. Siku moja geti lilikatika bawaba, na Mohinder akaanguka pamoja na dengu yake. Aliinuka, akajifuta ndevu, akatuambia, "Nzuri. Imeanguka na mimi. Haijaanguka na mtoto ya mtu." Kisha tukaanza upya.

Basi mzungu mmoja wa Soy akaja gerejini. Wafanyakazi wake walimwita Bwana Ndege kwa sababu aliendesha ndege vitani, na hata akiendesha gari yake alikuwa akiinamisha bega kwenye kona. Alitaka kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Alisema jeshini waliwafundisha marubani kujigeuza hewani kwa kuwarusha juu ya turubai lililofungwa na springi. Alitaka watoto wake wawe nacho uani. Alichora kwa kidole kwenye vumbi la benchi letu, fremu ya mabomba ya maji, miguu minne, turubai katikati, na springi pande zote.

"Springi tutatoa wapi?" Mohinder akauliza.

"Vitanda," Bwana Ndege akasema. "Vitanda ya chuma. Mimi iko na mingi."

Tukaitengeneza. Mohinder alichomelea kona kwa gesi, mimi nikashika na kupiga msasa. Turubai lilishonwa na fundi wa mahema pale mjini, likatiwa pete za chuma pembeni. Ilipokwisha, Mohinder alipanda juu na chapati zake kama kawaida. Mara hiyo hakula. Chapati ziliruka kabla yake. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Hapo sasa lazima niwatambulishe kwa Mama Jebet, kwa sababu bila yeye hakuna ninachoweza kuwasimulia. Alikuwa akifua nguo nyumbani kwa Bwana Ndege, na mume wake alikuwa dereva wa trekta katika shamba hilo hilo. Walikaa kambini, zile nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma ya miti ya miwati. Mtoto wao Jebet alikuwa ameshikwa na polio akiwa mdogo. Alipona homa, lakini mguu wa kushoto ulibaki kama si wake. Alitambaa. Akisimamishwa alilia na kushika chochote kilicho karibu, hata mkia wa ng'ombe. Sista wa hospitali ya misheni kule Plateau alimwambia mama yake kwamba mguu usipofanyishwa kazi utakonda ubaki hivyo, lakini mtoto aliogopa kuanguka kuliko alivyoogopa kitu kingine chochote.

Siku moja Mama Jebet alikuwa akianika nguo, naye Jebet ameketi nyasini. Watoto wa Bwana Ndege wakambeba wakamweka juu ya lile turubai, wacheze naye. Mama yake aligeuka na mashuka mikononi akamwona mtoto amesimama. Alikuwa akiyumba, akianguka, akiinuka tena, na anacheka. Ukianguka juu ya turubai huumii, basi mtoto aliona hakuna cha kuogopa. Toka siku hiyo, watoto wa bwana wakiingia ndani kula, Mama Jebet aliruhusiwa kumweka hapo kidogo. Mimi nilikuwa sijui lolote la haya. Nilikuwa mjini napiga msasa.

Kisha fremu ikaanguka.

Ilikuwa mwisho wa mvua ndefu. Mtoto mkubwa wa Bwana Ndege alikuwa akiruka, mguu mmoja wa fremu ukakunjika chini yake kama bua la mahindi, naye akatupwa pembeni juu ya bomba. Alivunjika mkono. Mohinder na mimi tuliitwa tuje tuone. Mohinder aliinama, akaingiza kidole ndani ya bomba lililokatika, na kidole kikatoka chekundu. Bomba lilikuwa limeoza kutoka ndani. Nje rangi ilikuwa inang'aa vizuri kabisa. Kumbe kwa sikukuu moja ya nyumbani mtu alikuwa ametoboa matundu juu ya mabomba atundike taa, na mvua ikaingia humo ikakaa bila njia ya kutoka.

"Mimi ndiye ilitoboa," Bwana Ndege akasema. Hakumtafuta mtu wa kulaumu, hilo nampa heshima yake. Alikuwa mweupe kama chokaa. "Mimi hapana taka kuona hii kitu tena. Chukua. Kata. Fanya nini unataka."

Tulikuwa tukiipakia kwenye trela wakati Mama Jebet alipokuja mbio, mikono yake ina povu la sabuni mpaka viwiko.

"Mnapeleka wapi?"

"Inakatwa, mama," nikamwambia. "Ni chuma chakavu sasa."

Ndipo akanieleza yote niliyowaeleza, kwa haraka, amesimama mbele ya gurudumu la trekta inayoendeshwa na mume wake mwenyewe. Akamaliza kwa kuniuliza, "Mkiikata, mtoto wangu atasimamia wapi?"

Nilimwangalia Mohinder. Mohinder aliangalia fremu, akaangalia kambi, akavuta ndevu.

"Zakaria," akaniambia, "wewe nataka hii?"

"Nataka."

"Basi sikia mzuri. Kutengeneza ni kazi ya siku moja. Kuangalia ni kazi ya kila wiki. Wewe nachukua hii, wewe naangalia. Siku wewe nachoka kuangalia, siku hiyo kata. Hapana acha tu ikae."

Nilikuwa kijana sina mke, na Jumamosi tulifunga kazi saa sita mchana. Nikasema ndiyo. Sikujua nimesema ndiyo kwa kitu gani, lakini nilikuwa nimekwisha kusema, na mimi nikisema huwa nakaa hapo hapo.

Tuliipeleka gerejini kwanza. Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mohinder hakuniruhusu kugusa gesi ya kuchomelea. Alinipa nyundo ndogo na kuniambia nigonge fremu yote, kidogo kidogo, na nisikilize. Bomba zima linalia kama kengele ya mbali. Bomba lililoliwa na kutu linasema dhu, kama umegonga ukuta wa udongo. Nilichora alama ya mkaa kila mahali niliposikia dhu. Nilipomaliza, miguu yote minne ilikuwa na mkaa, na upande mmoja wa juu pia. Tukaikata hiyo yote tukaweka mabomba mengine, na kona nazo tukazifanya upya, ila moja ya zamani iliyokuwa imelia vizuri. Safari hii tulifunga ncha za juu kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa, na chini ya kila mguu tukatoboa tundu dogo, ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Na kona tukazifunga kwa bolti, ili kona moja ikiharibika uifungue peke yake bila kubomoa fremu yote.

Halafu springi. Usiangalie springi kwa macho. Ining'inize, ifungie uzito mmoja ule ule, uzilinganishe zote. Ile inayorefuka kuliko wenzake imechoka, itoe, kwa sababu ikichoka wenzake wanabeba kazi yake, nao watachoka. Tuliona nyingi zimechoka. Baba Jebet alituletea nyingine kutoka kwenye vitanda vikuukuu vilivyotupwa nyuma ya ghala.

Na nati. Tulikuwa na mwenzetu gerejini, Odhiambo, mtu wa nguvu za ajabu, akikaza nati unasikia bolti inalia kama panya. Nyingi zilikatika miezi baadaye bila mtu kuzigusa. Mohinder alimwambia, "Odhiambo, hii ni nati, si shingo ya adui." Kaza mpaka ikukatalie, halafu ongeza kidogo tu, basi. Na kila wiki rudi uihoji tena, maana fremu ya kurukia inatikisika, na kitu kinachotikisika kinajifungua chenyewe.

Tuliisimamisha kambini, ng'ambo ya uwanja wa kanisa, mahali palipo sawa, mbali na miti na kamba za nguo. Chini ya kila mguu nikaweka jiwe bapa, nikachimba mfereji kuzunguka ili maji ya mvua yasilegeze udongo. Mama Jebet na wanawake wenzake walishona magunia marefu, wakayajaza manyoya ya kondoo yaliyobaki kwenye miiba na nyaya za ua, tukayafunga juu ya mabomba na springi ili mtoto akianguka pembeni asikutane na chuma.

Akabaki nyapara.

Mzee Lazaro alikuwa nyapara wa kambi, mtu mnene, kofia yake ya kaki haitoki kichwani hata kanisani mpaka mke wake amkanyage mguu. Alikuja akasimama mbele ya fremu, mikono nyuma.

"Hii kitu ilivunja mkono wa mtoto wa bwana," akasema. "Yule alipelekwa hospitali kwa gari. Wewe Zakaria, wetu akivunjika utampeleka na nini? Na baiskeli?"

Sikumkasirikia. Alikuwa amesema ukweli. Nilimwambia, "Mzee, ndiyo maana nimeitengeneza upya."

"Umetengeneza. Nani amejaribu?"

"Sema wewe tuijaribu vipi."

Akaagiza magunia ya mahindi. Yakapangwa katikati ya turubai, gunia juu ya gunia, mpaka springi zikajinyoosha na mimi nikaanza kusali. Akasema yakae hapo wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nilikuta magunia yako palepale, na watu wa kambi wote wamekuja kuangalia. Nilipima fremu kwa kamba kutoka kona mpaka kona, huku na huku. Kamba ilikuwa na urefu ule ule. Ikiwa urefu umetofautiana, jueni fremu imejipinda hata kama macho hayaoni.

"Magunia hayaruki," Mzee Lazaro akasema. Akavua viatu.

Alipanda kwa shida, akasimama katikati, akaruka kidogo. Akaruka tena. Mara ya tatu kofia ilibaki hewani yeye akiwa ameshashuka, na kutoka katika kile kifua kipana kikatoka kicheko ambacho hakuna mtu kambini alikuwa amewahi kukisikia. Aliruka mpaka akakosa pumzi. Kisha akashindwa kushuka. Ilibidi watu wanne wamshike. Alipofika chini alivaa viatu, akaweka kofia, uso wake ukarudi kuwa wa nyapara.

"Mtoto mmoja kwa wakati mmoja," akatangaza. "Na mtu mzima asimame hapo. Nikiona wawili, naikata mimi mwenyewe."

Hiyo sheria nawapa nyinyi kama nilivyoipokea. Mtoto mmoja. Wakiwa wawili, mmoja anashuka wakati turubai linapanda, na hapo mifupa huvunjika hata kama fremu ni ya dhahabu.

Kila Jumamosi nilipanda baiskeli kutoka mjini. Kiangazi ilikuwa vumbi, na mvua ilikuwa ule udongo mweusi unaoshika magurudumu mpaka unabeba baiskeli badala ya baiskeli kukubeba. Wenzangu gerejini walisema nimepata mchumba Soy. Niliwaacha waseme. Nilifika, nikagonga, nikahoji nati, nikapapasa turubai na pete zake, nikapitisha kitambaa cha pamba kwenye mabomba. Pamba ikinasa, hapo pana ncha ya chuma, ngozi ya mtoto nayo itanasa. Nikapiga tupa, nikapaka rangi mahali palipokwaruzika. Ndipo Mama Jebet alimpandisha mtoto.

Mwanzoni alimshika mikono miwili, yeye mwenyewe amesimama chini. Baadaye mkono mmoja. Baadaye kidole. Ikafika siku Jebet alimwambia mama yake, "Ondoa mkono, unanizuia." Aliruka peke yake, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo nyuma ya mwenzake kama mtu aliyeamshwa mapema. Sista wa Plateau alimshika paja akasema nyama inarudi. Lakini akishuka chini, ardhini, mambo yalikuwa yale yale. Alikaa. Kama anataka kwenda mahali alishika fimbo kwa mkono mmoja na nguo ya mama kwa mwingine, au alitambaa. Juu ya turubai alikuwa mtoto mwingine kabisa. Mama yake alijua, mimi nilijua, na hatukulisema. Tuliendelea.

Mtaniuliza tuliendelea namna hiyo kwa muda gani. Muda mrefu. Turubai la kwanza lilichakaa tukashona lingine.

Sasa niwaambie juu ya chaki. Nyundo ni nzuri, lakini kuna ufa mwembamba ambao hausikiki. Mohinder alinifundisha dawa yake. Unapaka mafuta ya taa kwenye maungio, unaacha yaingie, unafuta mpaka pakauke kabisa. Halafu unasugua chaki ya shule juu yake mpaka pawe peupe, unasubiri. Kama pana ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda yenyewe na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Niliomba vipande vya chaki kwa mwalimu wa shule ya kambi, na mara kwa mara nilifanya hivyo kwenye kona zote.

Jumamosi moja, kesho yake ikiwa ni sikukuu ya mavuno ya kanisa, watoto wa mashamba ya jirani walikuwa wamealikwa. Wote walikuwa wamesikia habari za ile fremu. Mama Jebet alikuwa amemshonea mtoto gauni la bluu. Nilipaka mafuta, nikafuta, nikasugua chaki. Nikakaa chini karibu na mguu wa kona, ile kona moja ya zamani, nikisubiri. Mstari ukatokea. Ulikuwa mwembamba kama unywele, ukizunguka nusu ya bomba.

Nilitoa spana nikaanza kufungua bolti.

"Unafanya nini?" Mama Jebet akauliza.

"Kona hii ina ufa. Fremu imefungwa mpaka nitakaporudi."

Alikuja akainama, akaangalia. "Sioni kitu."

"Angalia hapo kwenye chaki."

"Huo? Zakaria, huo mstari kweli?" Sauti yake ilianza kupanda. "Watoto wanatoka mpaka shamba la mbali. Jebet hajalala kwa furaha. Umeangalia na kuangalia mpaka umepata ulichokuwa unatafuta!"

Watoto wa kambi walikuwa wameanza kukusanyika. Mzee Lazaro naye akaja, akauliza kama haiwezi kusubiri Jumatatu. "Kesho tu," akasema. "Tutapandisha wadogo wadogo peke yao."

Nilitaka kukubali. Nawaambia ukweli wa moyo wangu, nilikuwa nimechoka, mawingu yalikuwa yameshuka, na barabara niliijua. Lakini mikono yangu ilikuwa inaendelea kufungua bolti, na niliiacha iendelee.

"Mama Jebet," nikamwambia, "mimi nikifunga macho, ufa hautafunga yake. Nani atakuwa juu wakati bomba linakatika? Niambie jina la mtoto, nimwache apande."

Alimchukua Jebet mgongoni akaenda zake nyumbani bila kuniaga.

Nilifunga ile kona kwenye baiskeli kwa kamba za mpira, nikaondoka. Mvua ilinikuta njiani. Mahali pengi nilisukuma, na mahali pengine niliibeba baiskeli begani pamoja na chuma chake. Nilifika mjini gereji imefungwa. Asubuhi nilimkuta Mohinder akitoka kusali, amevaa nguo nyeupe safi. Nilimwonyesha kona. Hakusema neno juu ya Jumapili wala juu ya nguo. Alifungua mlango wa gereji, akafunga aproni, akakata ile sehemu yote yenye ufa. Tukaiunga upya kwa bomba jipya, akachomelea polepole, akaiacha ipoe yenyewe bila maji. Aliniambia chuma kilichopozwa kwa haraka kinaweka kinyongo. Kisha tukapaka mafuta ya taa na chaki, tukakaa kando yake kama watu wanaongoja kuitwa na daktari. Chaki ikabaki nyeupe.

"Sasa nenda," akasema. Mikono ya shati lake jeupe ilikuwa na masizi mpaka kwenye mabega.

Nilifika Soy jua limeanza kupungua. Sikukuu ilikuwa imekwisha. Watoto wa mashamba mengine walikuwa wameenda, na nyasi zilikuwa zimelala mahali walipokuwa wakicheza. Walikuwa wamebaki watu wachache wakipanga mabenchi. Mama Jebet alikuwa ameketi kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango wa kanisa, na Jebet pembeni yake ndani ya gauni la bluu. Hakunisalimu. Nikaenda moja kwa moja kwenye fremu.

Nilirudisha kona, nikapima kwa kamba, nikagonga miguu yote, nikaanza kukaza bolti. Kutoka benchi nilisikia sauti ndogo ikiita, "Zakaria! Umemaliza?"

"Bado," nikajibu bila kugeuka.

Nikaendelea. Baada ya kitambo akaita tena. "Umemaliza?"

"Bado, Jebet. Kaa."

Nilikuwa nimepiga magoti matopeni, spana iko kwenye nati ya mwisho, nikaona miguu miwili midogo karibu na mkono wangu. Mmoja mnene kidogo, mmoja mwembamba. Hakukuwa na fimbo. Hakukuwa na nguo ya mtu iliyoshikwa. Niliangalia nyuma yake. Kutoka kwenye benchi mpaka pale palikuwa na uwanja mtupu wa majani, na mama yake alikuwa amesimama kule mwisho wake, mikono miwili mdomoni.

"Unachelewa sana," Jebet akaniambia kwa hasira.

Sikusema lolote juu ya miguu yake, niliogopa nikisema ataikumbuka. Nilikaza nati mpaka ikanikatalia, nikaongeza kidogo tu. Nikasimama.

"Tayari sasa. Panda."

Aliiangalia fremu. Akaangalia jua. Mzee Lazaro alikuwa ameweka benchi chini, amevua kofia.

"Sitaki tena," Jebet akasema. "Nina njaa. Naenda nyumbani."

Akageuka, akapita kando ya fremu yote, akaenda. Alikwenda polepole, akichechemea, mikono imefunguka kama mtu anayevuka gogo. Mara moja alianguka. Mama yake akaruka hatua kumfuata, nikamwinulia mkono, akasimama. Jebet alikaa hapo chini kidogo, akafuta gauni lake, akainuka mwenyewe, akaendelea mpaka akapotea nyuma ya nyumba za kambi. Tukabaki tunaangalia mahali alipopitia. Mama Jebet alikuja akachukua spana mkononi mwangu, akaifuta matope kwa kanga yake, akanirudishia.

Nikavuta turubai la kufunikia, nikafunga kamba pande zote nne. Jumamosi iliyofuata nilirudi na nyundo na chaki yangu, kwa sababu kulikuwa na watoto wengine.